Kibarua, Ajali na Fidia: Tahakiki ya Maneno ya Kazi na Maradhi

Mswahili apitaye penye watu wanaofanya kazi hana budi kuwapa pole. Husema, "Poleni na kazi," nao humwitikia, "Tumeshapoa." Pole hiyo hiyo ndiyo apewayo mgonjwa kitandani, na ndiyo apewayo mfiwa matangani. Yaonekana basi kwamba lugha, zamani kabla ya wanasheria na waganga wa serikali kuandika lolote, ilikwisha kutambua kuwa kazi humtoa mtu kitu mwilini mwake ambacho ujira haukirudishi. Lakini pole ina upungufu wake. Hutolewa na mpita njia, nayo haiulizi ni nani aliyeipanga kazi hata ikawa vile, wala kwa nini yule anyanyuaye gunia hupewa pole kila siku hali yule ahesabuye magunia hapewi.

Inafaa kuyachungua maneno mengine ya jamii hii, yaani yale yatumikayo katika kamusi, katika sheria, hospitalini na katika riwaya, ili kupima kama yanaona sawasawa na pole au yanaona kidogo zaidi. Jambo hili si la kujifurahisha tu. Tangu mwaka 1967 Tanzania imekuwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya kutoa haki. Sheria za kazi zilizoandikwa kwa Kiingereza zinapohamia katika Kiswahili, kila neno lichaguliwalo litakuwa mlango wa mtu kuingia au kufungiwa nje.

Katika lugha za Ulaya uchunguzi wa jambo hili una umri. Mwaka 1967 wataalamu wa Uingereza walianza kuwafuata watumishi wa serikali wa Whitehall, London, wanaume zaidi ya 17,000. Hapakuwa na mchimba migodi wala mpagazi kati yao. Wote walikaa ofisini, na wote walitibiwa katika hospitali zile zile za taifa. Hata hivyo wale wa daraja la chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo karibu mara 3 kuliko wale wa daraja la juu, na kati ya madaraja hayo kila ngazi ilikuwa na afya iliyo pungufu kuliko ngazi iliyo juu yake. Sigara na unene vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuwaingiza wanawake pia, ulionyesha kuwa mtu asiye na sauti katika kazi yake, ambaye hajipangii mwendo wala namna ya kuifanya, huugua zaidi. Michael Marmot, aliyeshughulika na uchunguzi huo, ndiye aliyeongoza tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoundwa mwaka 2005 na kutoa taarifa yake mwaka 2008. Taarifa hiyo iliweka ajira na hali za kazi miongoni mwa mambo makubwa yanayowagawia watu afya na maradhi.

Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili hukutana na kikwazo chake cha kwanza. Waandishi wa tume hiyo hutenganisha mambo mawili: tofauti za afya zilizopo tu, kama kijana kuwa na nguvu kuliko mzee, na tofauti zile zisizo za haki kwa kuwa zingeweza kuepukwa. Fasiri nyingi za Kiswahili huyachanganya yote katika fungu moja la maneno, "ukosefu wa usawa katika afya". Fungu hilo ni refu, nalo halisemi kitu. Usawa hukosekana hata baina ya vidole vya mkono mmoja, wala hakuna alaumiwaye. Neno liko, wala si la kuundwa: ni dhuluma. Dhuluma ni kumnyima mtu kilicho chake. "Dhuluma ya afya" litawashtua makatibu wa mikutano, na pengine ndiyo sababu hawalitumii. Lakini ndilo lenye maana inayotakiwa, na mkulima wa Muheza hulielewa bila ya kuandikiwa tanbihi.

Maneno ya kazi zenyewe yanastahili kuangaliwa moja moja, na la kwanza ni kibarua. Hili ni barua lililopunguzwa umbo. Kamusi iliyotolewa chini ya uongozi wa Frederick Johnson mwaka 1939 ilieleza kwamba mfanyakazi wa kutwa aliitwa hivyo kwa sababu ya kikaratasi alichopewa, ambacho jioni alikionyesha ili alipwe. Basi mtu amechukua jina la karatasi yake. Unguja ya karne ya 19 wengi wa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya ujira ilirudi kwa bwana. Kwa hiyo tangu asili neno hili limembeba mtu ambaye siku yake ni ya mwingine. Utumwa ulipigwa marufuku, neno likabaki, na siku ikabaki kuwa ndicho kipimo.

Ni kipimo hicho hasa kinachohusu afya. Alipwaye kwa mwezi akiugua siku mbili mshahara haupungui; na neno mshahara lenyewe latokana na Kiarabu cha mwezi. Alipwaye kwa siku akiugua siku mbili, siku mbili hizo hakuna unga. Kwa hiyo kibarua mwenye homa huenda kazini na homa yake, na mwenye jeraha hulifunga kitambaa akainama tena. Tena hakuna aandikaye kwamba aliugua, kwa kuwa asiyefika leo hakuajiriwa leo, na asiyeajiriwa hana ugonjwa katika daftari la mtu. Bandari za pwani ziliendeshwa hivi kwa miaka mingi. Migomo ya Mombasa mwezi wa Januari 1947, ya Dar es Salaam mwaka huo huo, na ya Unguja mwaka 1948, yote ilihusu ujira. Lakini aisomaye habari zake ataona kuwa chini ya ujira lilikuwapo suala la siku: nani anajua kama kesho ataitwa? Mombasa, katika miaka ya 1950, wenye bandari walianza kuwaandikisha wachukuzi na kuwafanya watu wa kudumu, si kwa huruma tu, bali kwa kuwa walitaka watu wanaojulikana na wanaotawalika. Hata hivyo mtu wa kudumu aliweza kuugua, jambo ambalo kibarua hakuweza.

Ni ajabu kidogo, na yafaa kutajwa, kwamba siku hizi hata karani mwenye mshahara akifukuzwa husemwa "kibarua chake kimeota nyasi". Watu husema kwa mzaha, lakini mzaha huo umeona mbali. Mikataba mifupi imewafikia hata waliodhani wameuacha ukibarua kwa baba zao.

Kipande ni ndugu yake kibarua. Katika Kenya, chini ya sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilikuwa cheti ambacho mwanamume Mwafrika alikichukua katika kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kadi ikijaa, mtu alilipwa; ikiwa na pengo, alisubiri. Mgonjwa alikuwa pengo katika kadi. Pamoja na kipande palikuwa na ngwe, yaani sehemu ya kazi aliyokatiwa mtu, ambayo akiimaliza mapema alikuwa huru kwenda zake. Wenye mashamba waliisifu ngwe kuwa ni uhuru wa mfanyakazi, na kwa kiasi fulani walisema kweli. Lakini ngwe hukatwa kwa kipimo cha mtu mwenye nguvu, hivyo kwa kijana hodari ni nusu siku na kwa mwenye malaria ni kutwa nzima na deni la kesho.

Neno lililo chungu kupita yote katika fungu hili ni manamba. Mkonge uliletwa katika nchi hii na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu iliyookoka safari kutoka Florida, nao ukaenea Tanga, Korogwe, Muheza, Kilosa na Morogoro hata ukawa zao kuu la nchi. Mwaka 1964 nchi ilitoa kiasi cha tani 230,000. Kazi hiyo haikupendwa na wenyeji wa karibu. Watu walitafutwa mbali: Kigoma, Njombe, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Tangu mwaka 1944 shirika la wenye mashamba lililojulikana kwa jina la Silabu liliwakusanya na kuwasafirisha, kila mtu na namba yake. Namba ikawa manamba, na manamba akawa mtu. Kwa sarufi neno hilo ni la kushangaza: halina kiambishi cha mtu, halikuingia katika ngeli ya M-/WA- kwa umbo, ila upatanisho wake tu ndio ukumbushao kuwa ni binadamu, kwa kuwa husemwa "manamba wamefika". Hesabu imeshika nafasi ya jina, na sarufi imebaki peke yake kuutetea utu.

Afya ya manamba ilikuwa na hila yake. Alipimwa kabla ya kuchukuliwa, na aliyeonekana dhaifu aliachwa nyumbani. Aliyedhoofika kazini alirudi kwao mkataba ulipokwisha, au kabla. Ujira wake ulipimwa kana kwamba ni mtu mmoja asiye na mke wala watoto, na ugonjwa wake wa uzeeni uliuguzwa na mke wake Buha au Ungoni, kwa mihogo aliyoilima mwenyewe. Kwa hiyo daftari za shamba zilionyesha watu wenye afya, na daftari hizo hazikusema uongo. Maradhi yalikuwa yamehamishiwa mkoa mwingine.

Hata waliobaki kiwandani hawakuwa sawa. Mkonge ukishakaushwa hupigwa brashi ili nyuzi zing'ae, na mahali hapo vumbi huwa jingi kuliko kwenye mashine za kusokota kamba. Uchunguzi wa wafanyakazi wa viwanda vya mkonge vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1978 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watu wa brashi walikuwa na ugonjwa wa kifua wa vumbi la nyuzi, ambapo katika wasokotaji walikuwa wachache sana. Mashamba mengi yalikuwa yamekwisha kutaifishwa mwaka 1967. Mwenye mali alibadilika, brashi haikubadilika. Ni vizuri jambo hili lisisahauliwe na wale wanaodhani kwamba kubadilisha bango la mlangoni hutosha.

Sasa mtu wa brashi akienda kwa mganga husemaje? Husema, "Naumwa kifua." Kifua katika Kiswahili ni kiungo na ni ugonjwa pia, na chini ya neno hili moja hukaa mafua yaliyoshuka, pumu, kifua kikuu, vumbi la mkonge na vumbi la mawe. Mganga mwenye haraka husikia lile alizoea kulisikia. Kibong'oto, huko Kilimanjaro, kuna hospitali iliyojengwa mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, na si mbali nayo ni machimbo ya tanzanite ya Mererani, yaliyoanza baada ya jiwe hilo kugunduliwa mwaka 1967. Wachimbaji wa huko hutoboa mwamba mkavu katika mashimo membamba. Vumbi la mwamba huingia mapafuni likafanya makovu yasiyopona, tena pafu lenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Mtu mmoja basi aweza kuwa na magonjwa yote mawili: la kwanza lina jina, dawa na tarakimu za serikali; la pili halina hata neno la kawaida. Hutibiwa la kwanza, akarudishwa shimoni kulizidisha la pili. Istilahi ya Kilatini iliyovishwa irabu haitamfaa. "Kifua cha vumbi" litamfaa, kwa kuwa lina sababu ndani yake, na mtu akilitamka amekwisha kutoa ushahidi.

Wachimbaji hao wa Mererani, wajulikanao kwa jina la wanaapolo, wanaleta shida nyingine tena. Wengi wao hawana mshahara. Mwenye shimo huwapa chakula, na jiwe likipatikana hugawana. Sheria inajua mwajiri na mwajiriwa. Je, mtu huyu ni nani? Yeye mwenyewe hujiona mtafuta bahati. Neno bahati limeingia mahali pa neno ajira, na bahati haidaiwi mahakamani.

Hata kwa yule ambaye sheria inamtambua, maneno ya sheria yana historia yao. Ajali latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya muda uliowekwa, siku ya mtu kufa iliyoandikwa. Katika Kiswahili cha zamani ajali ilikuwa majaaliwa, na methali ingali inasema kwamba ajali haina kinga. Ndipo karne ya 20 neno hilo likafanywa kazi mpya: ajali ya gari, ajali kazini. Sasa msimamizi wa kiwanda hubandika ukutani "Zuia ajali", na chini ya bango wamesimama watu waliolelewa kwa methali isemayo kwamba haizuiliki. Mkono ukikatwa na mashine isiyofunikwa, wenzake husema ni ajali yake. Na neno "yake" lafaa kuangaliwa sana, maana laigeuza mali ya mashine kuwa mali ya mtu. Si kwamba wafanyakazi ni wajinga, kwani wanajua vizuri kuliko msimamizi ni mashine gani haina kifuniko. Ni kwamba lugha imewapa neno ambalo humfariji mfiwa na humwondolea mashaka mwenye mashine, yote kwa tamko moja.

Tena ajali, hata ikieleweka kwa maana mpya, ni sehemu ndogo ya jambo. Katika makadirio yaliyotolewa mwaka 2023, Shirika la Kazi Duniani lilihesabu watu kiasi cha milioni 2.93 wanaokufa kila mwaka kwa sababu za kazi. Waliokufa kwa ajali walikuwa kiasi cha 330,000. Waliobakia wote waliuawa na maradhi, polepole, wengi wao majumbani, baada ya kuacha kazi. Kwa hiyo yastahili kusifiwa fungu la maneno lililokwisha kuenea katika Kiswahili cha serikali, "magonjwa yatokanayo na kazi". Kwa masikio ya mshairi ni zito. Lakini kitenzi kipo ndani yake: ugonjwa umetoka mahali, haukuanguka kutoka mbinguni. Wale wanaolifupisha kuwa "magonjwa ya kazi" wameokoa herufi chache na kupoteza hoja.

Fidia nalo ni neno la Kiarabu, na asili yake ni ukombozi: mali itolewayo ili mtu aachiliwe. Kwa lugha ya sheria limekuwa malipo ya aliyeumia, tangu sheria ya fidia ya Tanganyika ya mwaka 1949 hadi Sheria Na. 20 ya mwaka 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania Bara. Mfuko huo ulianza kazi mwaka 2015, nao hupokea michango ya waajiri. Mtu mwenye kupenda maneno ataona kuwa fidia imegeuzwa uso. Zamani ilimkomboa aliyeshikwa. Sasa, isipoangaliwa, humkomboa aliyeshika, kwa kuwa mchango ukishatolewa mwajiri aweza kujiona amekwisha. Mfuko ni jambo jema kuliko hali ya zamani ambapo mjeruhi alimfuata tajiri mlangoni. Ila jina lingaliweza kusema zaidi. Dia, ambalo ni neno jingine la sheria ya Kiislamu lijulikanalo pwani, hulazimisha swali la nani alimwaga damu. Fidia hailiulizi.

Riwaya zimeona mambo ambayo kamusi haikuyaona, ingawa si zote kwa kiasi kimoja. Shafi Adam Shafi, katika Kuli iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1979, alilichukua neno la dharau, lililoletwa kutoka Bara Hindi, akaliweka juu ya jalada kama cheo. Bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948 ndiyo uwanja wake, na Rashidi ndiye mtu wake. Ubora wa kitabu ni mahali ambapo mzigo una uzito, yaani ambapo msomaji huihisi shingo ya mchukuzi kabla ya kuambiwa lolote kuhusu haki zake. Udhaifu wake ni pale mafundisho ya umoja yanapotangulia mbele ya watu, wakasema kama waliokwisha kusoma risala. Mchukuzi aliyechoka hasemi kwa vifungu.

Shaaban Robert alilifikia jambo kwa njia nyingine kabisa, wala hasomwi kwa ajili hiyo, na huo ni upungufu wa wahakiki. Mtu aliyetumikia ukarani wa forodha tangu mwaka 1926 alijua meza ni kitu gani. Katika Utubora Mkulima, iliyotolewa mwaka 1968 baada ya kufa kwake, Utubora huuacha ukarani akashika jembe. Wengi wamekisoma kitabu hicho kama sifa za shamba juu ya mji, na kwa kusoma hivyo wamekiona cha kizamani. Lakini mkulima wa Shaaban si manamba. Shamba ni lake, saa ni zake, na akiamua kupumzika chini ya mti hakuna kadi inayobaki na pengo. Jembe la Muheza na jembe la Utubora ni chuma kile kile. Mmoja huteketea na mwingine hustawi, na kinachowatenga ni nani apangaye siku. Uchunguzi wa Whitehall ulipofikia jambo hilo kwa hesabu, Shaaban alikuwa amekwisha kulisema kwa hadithi, japo kwa kulipamba mno.

Fungu moja la maneno lingali linaundwa, nalo halijaingia katika kamusi inavyostahili. Wanawake wa Kenya, Uganda na Tanzania waendao kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba wamerudi na maneno shagala na kadama. Yote mawili ni ya Kiarabu, na mizizi yote miwili ilikwisha kuwamo katika Kiswahili kwa karne nyingi: katika shughuli, na katika hadimu. Yaani lugha imelipokea neno lile lile mara mbili, mara ya kwanza kwa jahazi na mara ya pili kwa ndege, na mara zote mbili limekuja na mtumishi. Hadimu wa zamani kamusi imemweleza. Shagala, ambaye kwa desturi ya kafala humtegemea mwajiri hata kwa ruhusa ya kukaa nchini, na ambaye aumwapo huenda akamwomba yule yule amchoshaye ampeleke hospitali, bado anasubiri kidahizo chake. Mwenye kukiandika asiishie katika "mtumishi wa nyumbani; Kar." Aeleze pia ni nani ashikaye pasipoti.